Wanga Mbichi: Shajara ya Chakula cha Binti Yetu

12 Januari 2025

Naanza kuandika leo, usiku wa pili tangu tutoke hospitali. Daftari ni lile la tanuri, ninaloandikia magunia ya unga na mikate ya mkopo. Nimeligeuza, nikaanzia ukurasa wa mwisho. Mimi ni mwokaji mikate hapa Tanga. Binti yetu ana miaka mitatu na miezi minne na uzito wa kilo 12.5.

Tangu akiwa mchanga tumbo lake lilikuwa kubwa, na mashavu yake yamejaa. Majirani walisema mashallah, amenawiri. Sisi wenyewe tulidhani ni minyoo, tukampa dawa. Alikuwa akitokwa damu puani mara kwa mara, na asubuhi nyingine aliamka amelowa jasho, analegea, mara mbili akapata degedege. Kila mara alipimwa malaria. Safari hii muuguzi mmoja wa zamu ya usiku alimchoma kidole akapima sukari ya damu: milimoli 1.4 kwa lita, chini mno. Nilimwona anapima tena kwa kijiti kingine, hakuamini. Ikaja 1.3.

Damu yake ilipokaa kwenye kichupa, maji ya juu yalikuwa meupe kama maziwa kwa wingi wa mafuta. Sampuli ya jeni ilikwenda India na jibu limerudi wiki iliyopita: ugonjwa wa kurithi wa hifadhi ya glaikojeni, aina ya 1a. Huu ndio ule ambao Mjerumani Edgar von Gierke aliueleza mwaka 1929. Kwa makadirio ya kawaida hupatikana kwa mtoto mmoja katika kila watoto 100,000 hivi.

Nimemwomba daktari anieleze kwa lugha ya dukani, naye akanieleza. Ini ni ghala. Tukila, sukari ya ziada huwekwa humo, na ikishawekwa ndiyo huitwa glaikojeni. Tukikaa na njaa, hata kwa usingizi tu, ghala hufunguliwa sukari itoke kwenda mwilini. Kimeng'enya kinachofungua, glukosi-6-fosfatasi, binti yetu hana. Shehena inaingia, haitoki. Ndiyo maana ini limefura, na ndiyo maana saa tatu au nne baada ya kula anaanza kuzama. Mume na mke Carl na Gerty Cori ndio waliogundua kasoro hiyo mwaka 1952.

Mradi wenyewe ni huu: kumpa mtoto sukari kidogo kidogo, usiku na mchana, bila kukatika. Dawa ya kukirudisha hicho kimeng'enya hatuna. Tunacho chakula na saa.

14 Januari

Kikao cha familia. Nilitaka kiwe kifupi, kikachukua jioni nzima.

Mke wangu ni binti wa mjomba wangu. Ndoa yetu aliipanga mama yangu na kaka yake, na ni ndoa njema. Daktari alitueleza kwamba kila mmoja wetu amebeba nakala moja ya jeni hiyo yenye kasoro na nakala moja nzima, wala hatuugui. Mtoto akipokea nakala zote mbili mbovu ndipo anaugua. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Kaka wa binti yetu, mwenye miaka saba, ni mzima.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo ni mimi niliyemletea?" Nilimwambia hapana, mama, hata wewe kama umebeba ulipewa na waliokutangulia, na wao hawakujua. Hakunijibu. Aliinuka akaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Tumeondoa leo: sukari, asali, miwa, soda, juisi, tende, matunda yote, viazi vitamu, maziwa, mtindi, na chai ya maziwa ambayo alikuwa akiipenda kuliko kitu chochote. Watu wanaona ajabu. Mtoto sukari yake inashuka, halafu mnamnyima sukari? Jibu ni kwamba sukari ya mezani nusu yake ni fruktosi, na sukari ya maziwa nusu yake ni galaktosi. Hizo mbili haziwezi kutumika mpaka zipite kwenye ini, na zikiingia ini la binti yetu zinanaswa humo humo, zinageuka mafuta, asidi ya laktiki na asidi ya yuriki. Anachohitaji ni glukosi tupu, na glukosi nzuri kwake ni ile inayotoka polepole kwenye wanga.

Vinavyobaki: wali, ugali, mbatata, samaki, kuku, mayai, dengu, kunde, mchicha, bamia. Si haba. Kwa kuwa maziwa yametoka, ameandikiwa kalsiamu na vitamini D.

19 Januari

Siku tatu wodini kuanza wanga, ili apimwe mara kwa mara. Tulianza na gramu 5, kisha 10, tumbo lizoee.

Unga wenyewe ni wanga wa mahindi, ule mweupe sana wa pakiti watu wanaouita konfulawa, wa kufanya supu na mchuzi viwe vizito. Si sembe wala dona. Ukiufinya kati ya vidole unalia kama mchanga mkavu. Hivyo ndivyo ninavyoujua hata gizani. Kipimo chake ni gramu 1.6 kwa kila kilo ya mtoto, kila baada ya saa nne, kwa hiyo kwa kilo 12.5 ni gramu 20. Kipimo hiki ni chake, amekipanga daktari wake kwa majibu ya damu yake. Mtoto mwingine atapangiwa chake. Nimeleta nyumbani mizani ndogo niliyokuwa napimia hamira. Kijiko kinadanganya: kikiwa kimejaa kwa kukandamizwa ni kitu kingine kabisa na kikiwa kimekatwa juu.

Gramu 20, maji baridi mililita 45, chupa yenye kifuniko, unatikisa, anakunywa hapo hapo. Ukikawia kidogo unga unazama chini na kuganda kama chokaa, mtoto akanywa maji meupe ya juu, dozi ikabaki kwenye chupa. Lazima atikisiwe tena akiwa katikati, halafu chupa isuuzwe kwa maji kidogo na hayo nayo ayanywe.

Watu wa zamani hawakuwa na hili. Miaka ya 1970 watoto hawa walikuwa wakilala na mpira puani uliokwenda tumboni, chakula kikidondoka usiku kucha. Mwaka 1984 ndipo Yuan-Tsong Chen wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na wenzake walipoandika kwamba wanga mbichi wa mahindi unaweza kushika sukari kwa saa kadhaa. Dawa ya duka la jumla! Nimelisoma hilo mara nyingi usiku huu.

23 Januari

Nyumbani. Sukari imenichanganya kutwa nzima.

Dozi ya saa nane mchana alipewa na mama yangu. Saa moja baadaye 9.1. Saa mbili baadaye 5.0. Saa tatu baadaye 2.7, na mtoto amekaa kimya kwenye mkeka. Dozi ile ile, gramu zile zile.

Nikauliza taratibu ulichanganyaje, mama. Akasema maji yalikuwa baridi mno, mtoto ana kifua, akapasha kidogo "ile kuvunja ubaridi tu". Ulikuwa umekuwa uji.

Sikumlaumu, kwa sababu hakuna mwanamke wa pwani hii aliyewahi kumpa mtoto unga mbichi. Unga mbichi ni wa kuku. Maisha yake yote kumpenda mtoto kumekuwa ni kumpikia. Nikampeleka jikoni nikamwonyesha kama ninavyowaonyesha vijana wa tanuri. Glasi mbili. Moja maji baridi: unga unazama, punje zimebaki nzima. Ya pili maji ya moto: papo hapo inakuwa nzito, inang'aa kama gundi. Nikamwambia mama, punje hizi ni kama maharage yenye ganda. Zikiwa nzima tumbo linazitafuna moja moja, saa nne zinapita. Moto ukizipasua, zinamezwa zote kwa mpigo, halafu hakuna kitu.

Alichovya kidole kwenye glasi zote mbili. Dozi ya saa kumi na mbili akachanganya mwenyewe kwa maji ya mtungi. Saa moja 5.4, saa mbili 5.9, saa tatu 5.1, saa nne 4.2. Tunatakiwa tusishuke chini ya 3.9.

Limao nalo marufuku. Kuna aliyeshauri limao la kuondoa ladha ya unga.

2 Februari

Tumbo linajaa gesi na anaharisha kidogo. Tumeambiwa huwa hivyo wiki za mwanzo.

Jambo jema: ratiba. Kila baada ya saa nne, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Kumi na mbili, nne, nane. Jioni tena kumi na mbili, nne, nane. Kwa saa zetu za Kiswahili namba ni tatu tu, mchana na usiku. Mama ndiye aliyeliona. Kijana wetu wa miaka saba amezifanya wimbo wa kuruka kamba.

11 Februari

Makosa ya pakiti, mara mbili wiki moja. Shangazi alikuja na sembe laini, kwa nia njema. Kisha dukani walinipa unga wa kastadi; kweli msingi wake ni wanga wa mahindi, lakini huu una rangi ya manjano na harufu ya vanila, na aina nyingine zinawekwa sukari. Sasa nimekata kipande cha pakiti sahihi nimekibandika mlangoni mwa kabati, atakayetumwa dukani anakwenda nacho. Kwa siku anakunywa gramu 120. Pakiti ya gramu 400 inamaliza siku tatu na dozi mbili. Nimenunua katoni.

26 Februari

Leo sikuoka.

Dozi ya saa nane usiku ni yangu, kwa kuwa saa nane na nusu hutoka kwenda tanurini. Usiku wa kuamkia leo simu ilizima chaji, kengele haikulia. Nilishtuka saa kumi na nusu. Kutoka saa nne usiku, saa sita na nusu.

Alikuwa macho. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, alikuwa macho ananitazama, halii, anapumua haraka haraka kama aliyekimbia. 1.8. Watoto wa ugonjwa huu laktiki hupanda wakati sukari inashuka, na ubongo huazima nguvu kwenye hiyo laktiki, kwa hiyo mtoto anaweza kuonekana ametulia kumbe yuko ukingoni. Utulivu wake si dalili ya uzima. Nilimpa glukosi ya unga iliyokorogwa kwa maji, ile ya duka la dawa iliyoandikwa glukosi tupu, kidogo kidogo. Dakika kumi na tano baadaye 4.6. Kisha wanga. Kisha nikakaa sakafuni karibu na kitanda mpaka jua likachomoza.

Mke wangu hakusema neno. Alasiri ameleta saa ya mezani ya betri, inalia kama kengele ya shule. Tangu leo dozi ya usiku ina watu wawili na kengele mbili. Nilikosea kuifanya yangu peke yangu; nilidhani kubeba mwenyewe ndiyo kumpenda.

9 Machi

Ramadhani. Usiku umekuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Nyumba ipo macho, dozi ya saa nane inafuatana na maandalizi ya daku. Kazi ipo kwenye futari. Tende, uji wa sukari, kaimati zinazodondoka shira, ndizi mbivu za nazi, vyote vipo mkekani mbele ya mtoto wa miaka mitatu.

Boflo za mjini nyingi zina sukari kwenye kinyunya, zangu pia zilikuwa nayo. Wateja wanadhani hamira haiumuki bila sukari. Inaumuka, inajilisha kwenye unga wenyewe, inataka muda tu. Naandika hapa kwa atakayehitaji: unga wa ngano gramu 500, maji mililita 320, chumvi gramu 9, hamira kavu gramu 4, mafuta kijiko kimoja. Kanda mpaka kinyunya kivutike bila kukatika, kiache kiumuke mara mbili, nyunyiza ufuta juu, oka. Vijimkate vidogo vya saizi ya ngumi yake. Anavipenda vikiwa vya moto, na mkekani anakuwa na chake cha kushika. Siku ya tatu wateja wawili waliuliza kile cha ufuta kinauzwaje. Nakiuza sasa.

Kaimati pia nimempikia, bila shira.

17 Aprili

Tumetoka hospitali jana. Alianza kutapika Jumatatu usiku. Hapo mradi wote unasimama, maana wanga usiokaa tumboni si wanga. Daktari alishatuambia: akitapika dozi na ya marudio, msisubiri asubuhi.

Tulifika saa saba usiku. Aliyekuwa zamu alifanya kile kinachofanywa kwa kila mtoto anayeharisha, akachukua dripu ya Ringer. Dripu ile ina laktiki ndani yake, na huyu tayari laktiki imemjaa hana pa kuipeleka. Mke wangu alitoa barua. Tunaitembeza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na chupa na glukosi, imeandikwa na daktari wake kwa Kiswahili na Kiingereza: jina la ugonjwa, asicheleweshwe kwenye foleni, apimwe sukari mara moja, awekewe dripu ya glukosi asilimia 10 yenye chumvi, asipewe Ringer ya laktiki, dripu isikatwe ghafla mpaka aweze kunywa wanga. Yule mtu wa zamu aliisoma yote, akaisoma tena, akabadilisha. Alikuja kutuamkia kila saa mpaka kulipokucha.

Kama una mtoto wa namna hii na huna barua kama hiyo, iombe kesho. Tengeneza nakala. Yetu moja ipo kwa mwenye bodaboda anayetubeba usiku.

19 Mei

Ameanza chekechea. Nilikataa mwanzoni. Mke wangu aliniuliza nitamfungia mpaka lini, sikuwa na jibu.

Mwalimu alikuja nyumbani Jumamosi iliyopita, akaomba aonyeshwe. Mama ndiye aliyemfundisha, si mimi. Maji ya mtungi, mwalimu, si ya birika. Tikisa. Mwache anywe nusu, tikisa tena. Suuza. Halafu akatoa zile glasi mbili, ya baridi na ya moto, akamwonyesha kama nilivyomwonyesha yeye Januari, na akasema neno ambalo sikuwa nimemwambia: "Huyu mtoto mapenzi yake hayapikwi."

Leo dozi ya saa nne ilitoka mkononi kwa mwalimu, saa nne na dakika mbili. Mwenzake alimpa kipande cha andazi. Amekirudisha nacho nyumbani kwenye mfuko wa sare, hakukila, anataka nimwambie kama ni cha ufuta.

15 Juni

Majibu ya kliniki. Laktiki ilikuwa 7.8, sasa 2.6. Mafuta ya trigliseridi yalikuwa 11.2, sasa 5.1; bado yako juu, lakini damu yake kwenye kichupa si nyeupe tena. Damu ya puani imetokea mara moja tu tangu Machi. Ini limerudi nyuma kidogo. Amerefuka sentimita tatu. Kilo 13.4, kwa hiyo dozi mpya ni gramu 21. Daktari ameonya tusiongeze zaidi ya hapo kwa hofu: wanga wa ziada unaishia kuwa mafuta, na insulini inayopanda sana huishusha sukari baadaye.

Wodini tulijaribu kunyoosha usiku uwe wa saa tano. Saa nne na nusu baada ya dozi sukari ikawa 3.4. Basi tunabaki kwenye saa nne. Nilikuwa nimeitamani sana ile saa moja ya ziada, sitaficha. Ipo aina ya wanga iliyotengenezwa kushika usiku mrefu zaidi, huku haijatufikia. Na tangu 2018 kuna wagonjwa waliopewa tiba ya jeni kwa majaribio huko Marekani. Nafuatilia. Akikua atahitaji ini lipigwe picha kila mwaka, maana uvimbe huweza kuota humo ukubwani. Hilo nimeliandika kwenye ukurasa wake, kwa wakati wake.

22 Juni

Wiki hii tanuri limepata oda ya harusi, lazima nitoke saa saba usiku. Mama alisema dozi ya saa nane aachiwe yeye. Nikasema mke wangu yupo. Akasema mke wako amechoka, mimi huwa macho saa hizo kwa swala yangu. Sikulala vizuri na wala sikuoka vizuri usiku wa kwanza; saa nane na robo nilipiga simu. Alipokea kwa sauti ya chini, akasema amekunywa chote, chupa imesuuzwa, usiniamshie mtoto.

Leo ni usiku wa tano. Nimerudi asubuhi nikafungua daftari kujaza, nikakuta limeshajazwa. Mama hakusoma shule, alisoma chuo cha Kurani, kwa hiyo ameandika kwa tarakimu za Kiarabu, mstari mmoja kwa kila usiku, umenyooka: saa, gramu, na sukari ya alfajiri.

٨ — ٢١ — ٤٫٦
٨ — ٢١ — ٤٫٣
٨ — ٢١ — ٤٫٥
٨ — ٢١ — ٤٫٨
٨ — ٢١ — ٤٫٤